Kibodi ya Vipande Viwili: Jinsi ya Kuiunda na Kuizoea

Maswali ya wasomaji kuhusu kibodi ndogo za vipande viwili, kimoja kwa kila mkono, yamekuwa yakijirudia. Je, mtu asiyewahi kulehemu anaweza kujiundia ya kwake? Vitufe 42 vinatosha kweli kwa kazi ya ofisini? Na kasi ya zamani itarudi? Jibu la yote matatu ni ndiyo, ila hilo la mwisho linadai subira.

Kinachowakwamisha wengi si waya wala risasi ya kulehemu. Ni pupa. Mtu anatoka kwenye kibodi ya kawaida yenye vitufe 104, anarukia yenye 34, siku hiyohiyo anabadilisha mpangilio wa herufi, anahamishia Shift na Ctrl kwenye safu ya katikati, na Jumatatu ana ripoti ya kuwasilisha. Ikifika Jumatano kibodi mpya iko kabatini, na mwenyewe hajui ni lipi kati ya hayo lililomshinda. Ushauri wote unaofuata umejengwa juu ya kanuni moja: badilisha jambo moja, lizoee, ndipo uguse la pili.

Wazo lenyewe ni la zamani. Huko Uingereza, Lillian Malt na Stephen Hobday walitengeneza Maltron katika miaka ya 1970, na kampuni ya Kinesis ya Marekani ikatoa kibodi yake yenye mabonde mawili ya vidole mwaka 1992. Zilikuwa kibodi kubwa na za bei. Mambo yaligeuka pale wapenzi wa kibodi walipoanza kugawa bure michoro ya bodi zao, kuanzia ErgoDox yenye vitufe 76 hadi hizi ndogo za leo. Hapa mfano ni Corne, iliyobuniwa na Mjapani anayetumia jina la foostan. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, kibodi yenyewe inauzwa na maduka mengi ya mtandaoni, na karibu kila tatizo utakalokutana nalo limeshamkuta mwingine.

Jaribu kwanza bila kununua

Tafuta kibodi mbili za kawaida za USB, hata kuukuu. Zichomeke zote kwenye kompyuta moja, ziweke kwa upana wa mabega, kisha mkono wa kushoto uchape kwenye moja na wa kulia kwenye nyingine. Windows na Linux hazina shida na hilo. Kwenye Mac, Shift ya kibodi moja kwa kawaida haisaidii herufi ya kibodi ya pili, kwa hiyo jaribio litakuwa la herufi ndogo tu.

Chapa hivyo kwa siku mbili tatu. Utajua mambo mawili mapema. La kwanza ni kama mabega yanapata nafuu yanapofunguka. La pili ni tabia mbaya za vidole: watu wengi huchapa B kwa mkono wa kulia au Y kwa mkono wa kushoto bila kujua, na kibodi iliyogawanywa haina huruma na tabia hiyo, kwa sababu herufi iko ng'ambo.

Na hapa lazima lisemwe wazi: kibodi si dawa. Inaweza kunyoosha vifundo vya mikono visipinde kuelekea nje, na kupunguza safari za vidole. Lakini mwenye ganzi ya vidole, maumivu yanayomwamsha usiku au mkono unaodondosha vitu aende hospitali kwanza. Kibodi itamsubiri.

Vitufe vingapi?

Chagua kwa kuangalia kazi unayoifanya. Picha zinazovutia mtandaoni zina ushauri mbaya.

- Vitufe 58 (Lily58, Sofle): safu ya tarakimu ipo juu kama kawaida. Hizi ni za mhasibu, mwalimu anayejaza alama za wanafunzi, na yeyote ambaye siku yake ni tarakimu tupu.
- Vitufe 42 (Corne): herufi zote zipo, na kila kidole gumba kina vitufe vitatu. Tarakimu na alama nyingi hukaa kwenye tabaka la pili, yaani unashikilia kitufe kimoja cha dole gumba na herufi zinageuka kuwa tarakimu.
- Vitufe 36 au 34 (Corne ya safu tano, Ferris Sweep): safu za pembeni hazipo kabisa. Kila kitu, hata Shift, lazima kitafutiwe makao mapya.

Wanaoanza na 34 kwa kuona kwamba ndiko watakakoishia wanajitwika mzigo bila sababu. Mwenye Corne ya 42 anaweza kuziacha tupu safu za pembeni kwenye programu siku atakapojiona tayari, na akijuta anazirudisha kwa dakika mbili. Mwenye 34 hawezi kuongeza kitufe.

Makosa ya dukani

Swichi ziko za koo mbili. Za kwanza ni ndefu, za mtindo wa MX, na nafasi kati ya kitufe na kitufe ni milimita 19.05. Za pili ni fupi, Kailh Choc, na bodi nyingi zilizochorwa kwa ajili yake pekee hutumia nafasi ya milimita 18 kwa 17. Bodi ya ukoo mmoja aghalabu haipokei swichi za ukoo mwingine. Kofia za vitufe nazo hazibadilishani: kofia za MX hazikai kwenye Choc ya toleo la kwanza. Kosa hili ndilo linalowatia watu hasara mara nyingi kuliko yote, kwani huwa wanaagiza kofia nzuri kwanza, bodi baadaye.

Mengine ya kuangalia kabla ya kulipa:

- Mikrokontrola, yaani bodi ndogo yenye chipu inayoiendesha kibodi. Pro Micro ya zamani ina chipu ya ATmega32U4 yenye hifadhi ya kilobaiti 32 tu, na tundu lake la micro-USB hung'oka kwa urahisi. Tafuta yenye RP2040 na tundu la USB-C. Matoleo mapya ya Corne huja na chipu hiyo ikiwa tayari juu ya bodi.
- Waya au bila waya? Kibodi ya kwanza iwe ya waya. Ya Bluetooth huhitaji chipu nyingine, kama nice!nano, pamoja na betri za lithiamu, ambazo wauzaji wengi hawakubali kuzisafirisha kwa posta.
- Soketi za swichi. Bodi yenye soketi hukuruhusu kuchomoa swichi na kuweka nyingine bila kulehemu upya. Lipia nyongeza hiyo.
- Vipuri. Dayodi tano za ziada na swichi tatu za ziada ni senti tu. Ukipungukiwa na dayodi moja, kifurushi kipya kitakuja kwa mwendo wake uleule wa kutoka China au Japani.
- Kofia. Seti za kawaida zimejaa vitufe virefu usivyovihitaji. Hapa karibu kofia zote ni za ukubwa mmoja.

Siku ya kulehemu

Asiyetaka kushika kifaa cha kulehemu ana njia mbili. Anaweza kununua iliyokwisha kuundwa, au kupeleka vifaa kwa fundi simu. Fundi wa Kariakoo au Luthuli Avenue anayebadilisha tundu la chaji la simu kila siku ana mkono mwepesi kuliko unaohitajika hapa. Asichokijua ni mwelekeo wa dayodi na upande wa bodi, kwa hiyo mpe maelekezo yaliyochapishwa, yenye picha, na ukae naye.

Anayejaribu mwenyewe awe na kifaa cha kulehemu chenye kurekebishika joto, risasi nyembamba ya milimita 0.6 hadi 0.8, flaksi, kibanio chenye ncha na multimita. Kwa risasi ya 60/40, joto la nyuzi 320 hadi 350 linatosha. Fungua dirisha, na nawa mikono kabla ya kula.

1. Bandika utepe wa karatasi juu ya kila bodi na uandike KUSHOTO na KULIA. Bodi za Corne za matoleo ya awali ni sawa pande zote mbili, unaigeuza tu ndipo inakuwa ya mkono wa pili. Waliopuuza hatua hii wameishia na kibodi mbili za mkono wa kushoto.
2. Weka dayodi, moja kwa kila kitufe. Kila dayodi ina mstari upande mmoja, na mstari huo lazima uelekee alama iliyochorwa kwenye bodi. Lehemu mguu mmoja mmoja kwanza, kagua mistari yote 42 kwa taa kali, ndipo umalizie miguu ya pili.
3. Lehemu soketi. Zikandamize zilale bapa kabisa. Iliyoinuka upande mmoja itabanduka swichi itakapoingia.
4. Fuata na tundu la kebo ya kuunganisha vipande viwili na kitufe kidogo cha kuwashia upya.
5. Kabla ya kulehemu mikrokontrola (kama haikuja tayari juu ya bodi), ichomeke kwenye kompyuta na upakie programu yake ya ndani, inayoelezwa hapa chini. Kama ni mbovu, ni heri ijulikane ingali mkononi.
6. Iweke mikrokontrola juu ya pini za kuchomeka badala ya kuilehemu moja kwa moja. Mafundi wengi hutumia vipande vya miguu ya dayodi walivyokata kama pini. Angalia mara mbili kama chipu inatazama juu au chini, maana hapa ndipo kazi ya siku nzima huharibika.
7. Gusanisha tundu mbili za kila swichi kwa kibanio na uone kama herufi inatokea kwenye skrini. Zikitokea zote, ingiza swichi huku kidole kikiishikilia soketi kwa nyuma.

Mguso mzuri wa risasi hung'aa na una umbo la mlima mdogo uliokumbatia mguu. Ukiwa kama shanga iliyokaa juu tu, haujashika. Rudia kwa flaksi kidogo, bila kuzidisha sekunde tatu.

Onyo kubwa linahusu kebo inayounganisha vipande viwili, ile yenye pini inayofanana na ya hedifoni. Usiichomeke wala kuichomoa kibodi ikiwa na umeme. Pini hiyo inapopita tundu lake hugusanisha njia za umeme na kupiga shoti, na chipu inaweza kufa palepale. Chomoa USB kwanza, kila mara.

Isipofanya kazi

Usikate tamaa wala usilehemu upya kila kitu. Tatizo lenyewe huonyesha lilipo.

- Kitufe kimoja hakiitiki: mguu wa swichi umekunjika chini, au dayodi yake imegeuzwa.
- Mstari mzima wa vitufe umekufa: mguso wa pini moja ya mikrokontrola haujashika.
- Kipande kimoja kiko kimya: programu imepakiwa upande mmoja tu (inatakiwa pande zote mbili), au kebo haijashika vizuri.
- Herufi zinatoka zimegeuka, za kulia kushoto: USB imechomekwa kwenye kipande ambacho programu haikukitarajia. Corne nyingi hutarajia cha kushoto.

Programu ya ndani

Kwa kibodi ya waya, programu inayotumika sana ni QMK, na kwa isiyo na waya ni ZMK. Zote ni za bure. Anayeanza ataona raha zaidi na Vial, inayotokana na QMK, kwa sababu unahamisha kitufe kwa kubofya kwenye skrini na mabadiliko yanafanya kazi papo hapo.

Urahisi huo una mtego. Kubadilisha mpangilio kila jioni ni burudani tamu, na ni njia ya uhakika ya kutozoea chochote. Vidole haviwezi kujifunza kitu kinachohama. Jiwekee siku moja ya juma ya kufanya marekebisho. Kero za siku nyingine ziandike pembeni. Utashangaa ngapi zitakuwa zimejifuta zenyewe.

Anayeandika Kiswahili ajihadhari na haya

Miongozo mingi imeandikwa na watu wanaochapa Kiingereza, na ushauri wao haufai kunakiliwa wote.

Chukua alama ya king'ong'o kwanza. Katika Kiingereza apostrofi inaweza kusukumwa kwenye tabaka la pili bila kelele. Kwa anayeandika ng'ombe, ng'ambo na kung'oa, hiyo ni herufi kamili, na lazima ibaki kwenye tabaka la kwanza. Wakati huohuo Q na X ni wapangaji wasiolipa kodi. Maneno yetu hayazihitaji. Anayeandika Kiswahili zaidi anaweza kuipa apostrofi nafasi ya mojawapo na kuihamisha hiyo, mradi akumbuke kwamba anuani za barua pepe na nywila bado zitaidai.

La pili ni A. Hakuna herufi tunayoitumia kuliko hiyo, na kwenye QWERTY iko chini ya kidole kidogo cha kushoto. Mtindo maarufu wa kibodi hizi ni kuzifanya herufi za safu ya katikati ziwe na kazi mbili: ukigusa A unapata A, ukiishikilia inakuwa kitufe cha amri, kwa mfano Ctrl au Shift. Kompyuta hutofautisha kwa muda wa kushikilia, ambao kwenye QMK umewekwa milisekunde 200. Mtu anayechapa haraka maneno yanayoishia na A, yaani sehemu kubwa ya sentensi zake, hujikuta akitoa amri badala ya kuandika. Iache A iwe A. Amri hiyo ipeleke kwa dole gumba au kitufe cha pembeni, na zilizobaki zipe muda mrefu kidogo.

Na vipi kuhusu kuhamia Colemak au Dvorak? Swali hili huulizwa kana kwamba kibodi ndogo haikamiliki bila mpangilio mpya wa herufi. Colemak ya Shai Coleman, ya mwaka 2006, ilipimwa kwa Kiingereza, ambamo K ni herufi adimu, ikapelekwa safu ya chini, palipokuwa na N. Kwetu K iko kila mahali: kwa, katika, kuwa, kila kitenzi kinachoanza na ku-. QWERTY, kwa bahati tu, inayo K safu ya katikati chini ya kidole cha kati. Dvorak, iliyopewa hataza mwaka 1936, imeziweka irabu zote tano katika safu ya katikati ya mkono wa kushoto, jambo linalopendeza katika lugha ya silabi wazi, kwani mikono hupokezana. Lakini K nayo iko mkono huohuo, chini, kwa hiyo ka, ki na ku zote zinabaki upande mmoja. Hakuna kati ya hizo mbili iliyo na faida ya wazi kiasi cha kukufanya uanze upya. Baki na QWERTY walau kwa miezi ya mwanzo.

Wiki za kuzoea

Tarajia kasi kushuka hadi chini ya nusu. Si dalili kwamba umekosea kuunda.

Siku za kwanza, kibodi ya zamani iendelee kufanya kazi za mshahara. Ile mpya ipewe dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni, kwa herufi tupu, bila matabaka. Chapa maandishi halisi ya Kiswahili, barua yako ya zamani au makala ya gazeti. Mazoezi ya Kiingereza yatakufundisha mfuatano wa herufi usiouhitaji. Chora ramani ya vitufe kwenye karatasi na uibandike chini ya skrini, ili macho yasishuke mezani.

Ugumu wa kwanza utatoka mahali usipopatarajia: safu ya chini. Kibodi ya kawaida huvipanga vitufe kwa mshazari, Corne huvipanga kwa nguzo zilizonyooka zinazofuata urefu wa vidole. Aliyezoea kuichapa C kwa kidole cha shahada ataikosa mara kwa mara mpaka akubali kwamba sasa ni ya kidole cha kati. Rudia maneno yenye ch na z kwa taratibu. Kwa aliye makini, hili hutulia ndani ya wiki chache.

Herufi zikishatulia, ongeza tabaka la tarakimu. Zikitulia tarakimu, ongeza alama. Kazi mbili kwa kitufe kimoja ziwe za mwisho kabisa, na si lazima uzifikie.

Makosa ya mkao nayo:

- Kuvisogeza vipande karibu kwa sababu ndivyo macho yalivyozoea. Viweke mbele ya mabega.
- Kuinua upande wa ndani sana siku ya kwanza. Anza na kibodi bapa, kisha nyuzi chache, kisha zaidi kama mkono unapenda.
- Kulikunja dole gumba chini ya kiganja kukifuata kitufe cha ndani kabisa. Kitufe cha nafasi kiwe pale dole linapoangukia lenyewe likiwa limelegea. Vya kazi adimu ndivyo viende mbali. Dole gumba nalo huchoka na kuuma likibebeshwa kila kitu.
- Kuacha laptopu chini mezani. Kwa kuwa sasa mikono haitegemei kibodi yake, ipandishe juu ya vitabu hadi skrini ifike usawa wa macho.

"Je, nitaweza kutumia kompyuta ya mtu mwingine?"

Hofu hii ina msingi, ila ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Anayegusa kibodi ya kawaida mara kwa mara kwa kawaida hubaki na zote mbili, hasa kama hakubadilisha mpangilio wa herufi. Anayeiacha kabisa kwa miezi atababaika dakika za kwanza kila anapoirudia.

Upande wa pili ndio wenye usumbufu zaidi: mwenzako wa ofisini au fundi wa kompyuta anapokaa kwenye kiti chako na kukuta vitufe 42 visivyo na maandishi. Acha kibodi ya kawaida ikiwa imechomekwa nyuma ya skrini. Na nywila yako yenye alama nyingi ichape mara kadhaa kwenye kibodi mpya mahali unapoweza kuiona, kabla hujaihitaji kwenye ukurasa wa benki unaofunga akaunti baada ya makosa machache.